Kilio Huanza Mfiwa: Tafakari juu ya Santuri ya Huzuni na Watu Walioisifu



Katika vikundi vyetu vya parokia, Butembo na Beni, kuna swali ambalo hurudi kila mara kwaya inapochagua nyimbo zake. Je, inafaa kuimba huzuni? Wengine husema kwamba watu wetu wamelia vya kutosha, na kazi ya muziki ni kuwainua. Wengine hujibu kwamba furaha inayoimbwa juu ya makaburi mapya, bila neno lolote juu ya makaburi hayo, ni furaha ya kuazima. Nimeusikia mjadala huu mara nyingi, na mara nyingi uliishia kwa kupiga kura: wimbo huu ndiyo, wimbo huu hapana. Leo napenda kuutazama kwa njia nyingine, kwa kufuata safari ya santuri moja iliyotoka upande wa pili wa mpaka wetu, kwa jirani zetu wa Uganda. Jinsi ilivyopokelewa na wasikilizaji inaweza kutufundisha jinsi ya kusikiliza.

Mtu na santuri yake

Geoffrey Oryema alizaliwa tarehe 16 Aprili 1953 huko Soroti, Uganda. Ukoo wake ulikuwa wa Waacholi, na asili yake ilikuwa Anaka, upande wa kaskazini mwa nchi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya muziki. Baba yake alipiga nanga, chombo cha nyuzi cha Waacholi, na mama yake aliongoza kundi la taifa la ngoma lililojulikana kwa jina la Heartbeat of Africa. Mtoto alijifunza nanga, filimbi, gitaa na lukeme, kile chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Alipokua aliingia katika mambo ya tamthilia mjini Kampala.

Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Mkuu wa Polisi ya Uganda, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa pamoja na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi na Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Janani Luwum. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakusadiki. Mwili wa Askofu Mkuu ulipelekwa kijijini kwake Mucwini na kuzikwa haraka, ilhali mjini Kampala waamini walikusanyika Namirembe kando ya kaburi lililochimbwa kwa ajili yake na kubaki tupu.

Muda mfupi baada ya hayo, kijana Oryema alitoroka nchi. Alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari. Kutoka huko alifika Ufaransa, na Ufaransa ndiko alikoishi mpaka mwisho wa maisha yake.

Miaka kumi na mitatu ilipita kabla ya santuri yake ya kwanza kutoka. Ilitolewa mwaka 1990 na Real World, kampuni iliyoanzishwa na mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel, na aliyesimamia utengenezaji wake alikuwa Brian Eno, mtu mwenye sifa kubwa katika muziki wa Ulaya. Jina lake ni Exile. Kwa lugha yetu tungeliita Uhamisho, neno lile lile ambalo Biblia yetu hulitumia kwa Wayahudi waliopelekwa Babeli. Sauti ya mwimbaji ni nzito na ya taratibu, vyombo ni vichache, na mara nyingi kati ya neno na neno kuna nafasi kubwa ya kimya. Ni santuri ya mtu anayezungumza na nafsi yake, na anayeiruhusu dunia kumsikiliza. Wimbo mmojawapo, Land of Anaka, unaitaja nchi ya wazee wake kwa jina.

Wageni walisema nini

Santuri hii ilipokelewa vizuri Ulaya. Wakosoaji waliusifu ukimya wake na uzito wa ile sauti. Wengi walimlinganisha mwimbaji na Leonard Cohen wa Kanada, mshairi aliyeimba maungamo ya moyo wake kwa sauti ya chini, na jina la "Cohen wa Afrika" likamganda. Oryema mwenyewe hakulikataa kundi hilo: mwaka 1991 aliimba wimbo wa Cohen uitwao Suzanne katika santuri ya pamoja ya kumheshimu mshairi huyo. Nchini Ufaransa wimbo wake Ye Ye Ye ulichaguliwa kuwa muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni cha usiku, Le Cercle de minuit. Hivyo maelfu ya watu waliijua sauti yake kabla ya kulijua jina lake, na bila kuielewa lugha yake.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Si jambo dogo kwamba mtu aliyevuka mpaka akiwa amejikunja ndani ya buti la gari, miaka michache baadaye anasikilizwa kwa heshima na taifa zima. Kuwacheka wakosoaji waliomsifu kungekuwa kukosa shukrani. Waliifungua milango. Bila wao mimi nisingeliijua Anaka, wala nisingekuwa na la kuwaandikia leo.

Hata hivyo sifa nazo zina namna zake za kutosikia. Ninaona tatu.

Namna ya kwanza ni kuisifu sauti na kuliacha neno. Madukani Ulaya, santuri ya Oryema iliwekwa chini ya kichwa cha "muziki wa dunia". Kichwa hicho kilikubaliwa na wenye kampuni ndogo za santuri mjini London mwaka 1987, ili wauza maduka wajue mahali pa kuweka kazi za watu wa mbali. Ni rafu yenye manufaa, lakini ni rafu pana mno. Juu yake, kilio cha Mwacholi, sherehe ya Mmali na sala ya Mpakistani hukaa bega kwa bega, na mnunuzi huambiwa kwamba vyote vina uzuri mmoja, uzuri wa ugeni. Mtu akiusikiliza msiba wa mwenzake kama mlio mtamu wa kumpatia usingizi, amepokea kitu, lakini hakukipokea kile kilichotumwa.

Namna ya pili ni kupima kwa kipimo cha nyumbani kwako. Kumwita mtu "Cohen wa Afrika" ni kumpa heshima na kumnyang'anya kitu kwa mkono uleule. Heshima iko wazi. Kinachopotea ni wale wote waliomlea: baba aliyepiga nanga jioni, mama aliyefundisha ngoma, wasimulizi wa ukoo. Hakuna aliyemwita Cohen "Oryema wa Kanada". Sisi pia hufanya hivyo, tena bila kujua. Tunapomsifu kijana wetu wa Butembo kwa kusema anaimba kama Mzungu fulani, tunadhani tumempandisha, kumbe tumemwambia kwamba alikotoka hakuna kipimo.

Namna ya tatu ni kuyafanya mateso kuwa kibali cha kuingilia. Karibu kila anayeandika juu ya Oryema huanza na lile buti la gari. Mimi mwenyewe nimelitaja juu hapa, kwa kuwa ni kweli na ni sehemu ya maisha yake. Lakini mtu hawezi kukaa ndani ya buti la gari maisha yake yote. Baada ya Exile alitoa santuri nyingine, miongoni mwao Beat the Border mwaka 1993 na Night to Night mwaka 1996. Msanii aliyepokelewa kwa sababu ya jeraha lake hudaiwa kulionyesha jeraha hilo kila anapopanda jukwaani. Siku atakayotaka kucheza na kucheka, watu watamuuliza kama amepona, kana kwamba kupona ni kuwavunjia ahadi.

Vijana wa Beni watalielewa neno hili haraka kuliko wakosoaji wa Paris. Tumewaona wenye kamera wakifika baada ya mashambulio. Wengi wao ni watu wema, na kazi yao ni ya lazima, kwani lisilosimuliwa hurudiwa. Lakini tumewaona pia wanaomtafuta yule anayelia zaidi, wakampita aliyekaa kimya akimenya mihogo kwa ajili ya watoto waliobaki. Yule wa pili naye ana msiba. Hakuna tu anayejua jinsi ya kuupiga picha.

Na wenyewe je?

Kuna jambo lingine katika historia ya santuri hii ambalo linanigusa zaidi. Wakati wageni waliposifu wimbo juu ya nchi ya Anaka, watu wa Anaka wenyewe hawakuwa na amani ya kusikiliza santuri. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, kaskazini mwa Uganda kulikuwa na vita, na kundi la Joseph Kony, LRA, liliteka watoto na kuchoma vijiji. Miaka ya 1990 raia wengi wa Acholi walihamishiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani, na Anaka nayo ikawa na kambi yake. Basi tazameni: mmoja alikuwa uhamishoni Ufaransa akiiimbia nchi yake, na wenzake walikuwa uhamishoni ndani ya nchi hiyohiyo, kilomita chache kutoka mashambani kwao.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Methali hii ina utaratibu ndani yake. Haikatazi wa mbali kulia. Inamkaribisha, lakini inampa nafasi yake katika mstari. Katika habari ya Exile, wa mbali waliingia kwanza, na wafiwa wenyewe hawakuwa na nafasi ya kuanza. Oryema alirudi Uganda mwezi wa Desemba 2016 na kuimba Kampala, baada ya karibu miaka arobaini. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 22 Juni 2018, alifariki Ufaransa kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 65. Alipata kuwaimbia watu wake nyumbani, lakini jioni zake zilikuwa zimebaki chache.

Sisi nasi tuna msanii wa namna hii. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, na mwaka 1993 alitoa santuri yake ya kwanza: gitaa la taratibu, sauti laini, maneno ya Kilingala na ya Kiswahili. Wakati huo dunia iliitazamia Kongo kwa ngoma ya kuchezesha viuno tu. Yeye alithubutu kunong'ona. Nawauliza: ni wangapi katika kikundi chenu wanaozijua nyimbo zake? Ninashuku kwamba anajulikana zaidi kwenye kumbi za Paris kuliko kwenye vijia vya Furu au vya Mulekera. Kabla ya kuwalaumu wageni kwa kusikiliza vibaya, tujiulize kama sisi tumesikiliza hata kidogo.

Alasiri moja mjini Beni

Nilipata nafasi ya kuusikiliza wimbo Land of Anaka pamoja na vijana wapatao ishirini katika parokia moja ya Beni. Tulikuwa na simu moja na kipaza sauti kidogo. Sikuwaeleza habari za mwimbaji. Niliwaambia tu kwamba ni mtu wa Uganda, nao wasikilize mpaka mwisho.

Wimbo ulipomalizika, wa kwanza kusema alikuwa mwimbaji hodari wa sauti ya nne. Alisema: "Ni mzuri, lakini unatia usingizi." Nilitabasamu moyoni, kwa kuwa maneno yake hayakuwa mbali na yale ya wasikilizaji wa televisheni ya usiku kule Ufaransa. Wa pili, kijana Mwalur ambaye wazazi wake walitoka Mahagi, aliinua kichwa. Lugha ya Waalur na ile ya Waacholi ni ndugu. Alisema ameshika maneno mawili matatu tu, lakini anamjua mtu anayesema hivyo: "Ni kama babu yangu anapotaja mlima wa kwao. Hataji mlima. Anataja watu."

Wa tatu alipinga, tena kwa nguvu. Alisema kwamba tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzizunguka Beni, Mbau, Oicha na Eringeti, hatujapata mwezi wa kupumzika. Mwaka 2018 kukaja Ebola. Kwa nini basi kijana wa Beni aende kutafuta huzuni ya Uganda, na hali yake mwenyewe haijamtosha? Aliendelea kusema kwamba nyimbo hizi huwazoeza watu kukaa chini na kukubali. Wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono, na sikuona sababu ya kumkatiza. Neno lake ni zito. Ipo huzuni inayolegeza mikono, na wapo wanaofaidika tunapokaa chini.

Kisha msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, ambaye familia yake ilikimbia kutoka upande wa Eringeti, aliniambia: "Yaya, tafadhali uurudie." Hakutoa sababu, na hakuna aliyemdai sababu. Tuliurudia. Mara ya pili hapakuwa na mtu aliyesema unatia usingizi.

Sisemi kwamba wimbo ulimponya. Sijui ulimfanyia nini, na si haki yangu kujua. Nasema tu kwamba alikuwa mfiwa, na kwa mara ya kwanza mchana ule mfiwa ndiye aliyeanza, nasi wengine tukaingia nyuma yake.

Kuungama si kukata tamaa

Nimefikiri sana juu ya lile pingamizi la kijana wa tatu, na nataka kulijibu kwa heshima linayostahili.

Santuri za aina hii huitwa za maungamo, kwa sababu mwimbaji hutoa nje yaliyo ndani. Katika lugha ya Kanisa neno hili lina historia ndefu. Mtakatifu Agostino aliliita kwa jina hilo kitabu chake mashuhuri, Maungamo. Ndani yake anasimulia kifo cha mama yake, Monika, huko Ostia mwaka 387. Anaeleza jinsi alivyoyazuia machozi wakati wa mazishi, akiona kwamba si vizuri kulia kwa ajili ya mtu aliyekufa katika imani, na jinsi baadaye, akiwa peke yake mbele ya Mungu, alivyoyaacha yatiririke. Tena anawaandikia wasomaji habari hizo bila kuona haya. Mtu huyo hakukata tamaa. Alikuwa na tumaini kubwa kiasi cha kutosha kusema ukweli. Kwake kuungama kulikuwa kukiri dhambi na kumsifu Mungu kwa pumzi moja.

Kitabu cha Zaburi nacho ni shahidi. Zaidi ya theluthi ya zaburi zake ni za maombolezo. Nyingi hugeuka mwishoni na kushukuru, lakini si zote. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, na Kanisa halikuthubutu kuiongezea mstari wa furaha. Limeiacha hivyo, na huisali katika sala za usiku, kwa sababu linajua kwamba usiku kama huo upo. Naye Bwana msalabani aliomba kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo si maneno ya mtu anayejifanya hana maumivu.

Tofauti, basi, iko hapa: aliyekata tamaa haimbi, maana kuimba ni kumwelekea anayesikia. Anayeomboleza bado anaamini kwamba yuko wa kumwambia. Kilio ni mashtaka yaliyopelekwa mahali pa haki. Oryema hakuacha kuitaja Anaka, kwa sababu kuacha kuitaja kungekuwa kukubali kwamba walioua wamefaulu kuifuta.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miji yetu ina maradhi ya kuficha. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa hadi tarehe 25 Juni 2020 ilipokwisha, watu 2,287 walikufa, wengi wao katika eneo letu hili la Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Wafu walizikwa na vikosi vilivyovaa mavazi ya kujikinga, na jamaa hawakuweza kuosha miili ya wapendwa wao wala kuikumbatia. Ilikuwa lazima, na hatua hiyo iliokoa maisha ya wengi. Lakini kilio kilichozuiwa hakikufa pamoja na ugonjwa. Kipo hata leo majumbani, na mara nyingi hutoka kwa sura nyingine: hasira, pombe, ukimya kati ya mume na mke. Kama nyimbo zetu hazitakipa njia, kitajitafutia njia chenyewe.

Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko alikutana na wahanga wa vita vya Mashariki, na miongoni mwao walikuwapo watu wa eneo la Beni. Hakuanza yeye kusema. Wao walianza. Walisimulia, wakaweka chini ya msalaba vitu vilivyofanana na silaha zilizowaua jamaa zao, na baada ya hapo ndipo akajibu. Wa mbali aliingia nyuma ya wafiwa. Sijui mfano bora wa jinsi ya kupokea wimbo wa huzuni.

Namna ya kusikiliza

Kwa hiyo sidhani kwamba swali la kwaya zetu, kama inafaa kuimba huzuni, lijibiwe kwa kupiga kura tena. Swali lililo bora ni: tutausikilizaje wimbo huo tukiwa nao? Napendekeza mambo machache kwa vikundi vyetu.

Tujue lugha, au tumtafute anayeijua. Kijana wa Mahagi kwa maneno yake mawili matatu alitupa zaidi ya kurasa nyingi za sifa. Katika parokia zetu wapo Wanande, Waalur, Wahema, Walendu, Wambuti na wengine, na kila mmoja ana nyimbo za msiba ambazo jirani yake hajawahi kuzielewa. Tuombane tafsiri.

Tumpime msanii kwa kipimo cha kwao kabla ya kumpima kwa kile cha mbali. Tuulize nani alimfundisha, na nyumbani kwao huimbwaje, na wakati gani.

Tumruhusu mfiwa kucheka. Aliyetuimbia msiba mwaka jana ana haki ya kutuimbia arusi mwaka huu, na sisi tuna wajibu wa kumchezea.

Tena, na hapa namrudia yule kijana aliyepinga, tuangalie wimbo unatuacha wapi. Baada ya kuusikia, je, tunaona haya kuwatembelea waliokimbilia kwetu, au tunaenda? Wimbo wa huzuni ambao haumfikishi mtu kwenye mlango wa jirani haujamaliza kazi yake, na kasoro hiyo mara nyingi ni yetu sisi wasikilizaji kuliko ya mwimbaji. Yeye ametoa alichokuwa nacho.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Ni wimbo gani wa msiba wa kabila lako ambao wenzako katika kikundi hawajawahi kuusikia? Waimbie, kisha uwafafanulie maneno yake.

2. Je, yupo katika parokia yako mtu ambaye tunamkumbuka kwa jeraha lake tu? Ni kitu gani kingine unachokijua juu yake?

3. Someni pamoja Zaburi ya 88 hadi mwisho, bila kuongeza neno. Kaeni kimya dakika tano. Kisha atakayetaka kusema aseme, na asiyetaka aachwe.